Harambee ya paa: kanisa letu dogo la ng'ambo ya Volga

Kristo amefufuka! Tunawasalimu ninyi nyote mliosoma Yaroslavl, mji wa Urusi kando ya mto Volga, mnaosoma huko sasa, na ndugu wa nyumbani mliotuombea miaka yote hii.

Tunaandika kwa haya. Mlichanga juzi juzi tu kwa ajili ya kuni na jiko la kanisa, tena bila kusukumwa, na ni vigumu kubisha hodi tena kwenye mlango uleule. Lakini paa linavuja, na sasa halivuji kidogo.

Theluji hulala juu ya yale mabati ya zamani tangu Novemba. Ikifika Aprili inayeyuka, na maji yanapita kila mahali palipoliwa na kutu. Alhamisi Kuu ya mwaka huu, wakati zinasomwa zile Injili kumi na mbili za mateso ya Kristo, maji yalianza kudondoka juu ya kitabu. Bibi mmoja wa parokia akafungua mwamvuli wake, akasimama kando ya Baba, padri wetu, na kumkinga mpaka Injili ya mwisho. Mabeseni yalikuwa yamepangwa chini ya ukuta wa kaskazini, chini ya ikoni, yaani picha takatifu, ya Mtakatifu Nikola. Rangi ya ikoni hiyo inabanduka upande wa shavu. Ukiigusa, inabaki kidoleni.

Tunajua kuna atakayeuliza: Warusi wenyewe wako wapi? Wapo, na wametoa. Wengi wao ni bibi wanaoishi kwa pensheni, na ndio haohao waliotupa makoti na buti za sufu tulipofika na visweta vyetu vyepesi. Mwenzetu alipolazwa, walipokezana kumpelekea supu hospitalini hadi akatoka.

Anayedhani makanisa ya huku yalisimama kwa fedha za wakubwa, avuke mto kwenda Tutayev, mji tunaoupitia kila mara. Mji wenyewe uko pande zote mbili za Volga: Romanov ukingo wa kushoto, Borisoglebsk wa kulia. Miji hiyo miwili iliunganishwa kuwa mmoja mwaka 1822, na mwaka 1918 ukapewa jina la askari wa Jeshi Jekundu, jeshi la Wasovieti. Daraja hakuna. Kiangazi watu huvuka kwa kivuko. Wafugaji mtakuwa mmesikia kondoo wa Romanov, ndiko walikotoka.

Ukingo wa kulia kuna Kanisa Kuu la Ufufuo, lililojengwa miaka ya 1670. Lina ghorofa mbili: chini ni kanisa la majira ya baridi, lenye joto, na juu ni la kiangazi, lenye michoro kuta nzima. Ndani yake kuna ikoni ya Mwokozi yenye urefu wa karibu mita 3, iliyoingia weusi kwa umri. Mapokeo yanasema ilichorwa karne ya 15 na Mtakatifu Dionisi wa Glushitsa. Chini yake wameacha upenyo, na waumini hupita hapo kwa magoti. Tumepita sisi, wamepita na maprofesa wetu.

Katika karne ya 18 Metropolita Arseny, askofu wa Rostov, aliichukua ikoni hiyo, ikakaa Rostov karibu miaka 50. Iliporudishwa, watu waliibeba kwa mikono kwa miguu njia nzima. Kila mwaka, Jumapili ya kumi baada ya Pasaka, inatolewa tena nje kwa maandamano, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuinyanyua. Wanaume huingia chini yake kwa makundi na kupokezana mabega.

Kubwa zaidi kwetu ni hili: miaka ya Wasovieti, makanisa mengi ya Urusi yaligeuzwa maghala na mengine yakalipuliwa, lakini hili la Ufufuo halikufungwa. Sheria ya 1929 iliwataka waumini wasiopungua 20 wajiandikishe kwa majina yao, wakabidhiwe jengo kwa mkataba, na gharama zote ziwe juu yao: matengenezo, bima, kodi. Kuweka jina kwenye karatasi ile ilikuwa hatari, miaka ya thelathini hasa. Pamoja na hayo watu waliandika. Tunapovuka mto na kusali pale, tunasali ndani ya sahihi za watu hao.

Sasa hesabu. Mabati, mbao za kenchi na fundi ni rubli 640,000. Parokia imeshakusanya 210,000. Sisi tulioko huku tumetoa 130,000. Zimebaki 300,000. Tunaomba watu 20 waandike majina yao, kila mmoja rubli 15,000. Asiyeweza peke yake aungane na wenzake, wawili au watano, waandikwe kwa jina moja. Tumechangia kamati za harusi za watu ambao hatukuwajua vizuri, tukalipa kwa wakati na kuvaa sare. Hatuamini kwamba nyumba ya Mungu iliyotupokea tukiwa wageni itakosa majina 20.

Walioko Urusi watume moja kwa moja kwa mweka hazina. Kwa kuwa kadi za Visa na Mastercard za benki za nje hazifanyi kazi huku tangu 2022, walioko Kenya na Tanzania watume kwa simu kwa wawakilishi wetu mnaowafahamu, nao watatuma risiti siku hiyohiyo. Orodha ya waliotoa itabandikwa kwenye kundi letu kila Jumamosi jioni, pamoja na picha za stakabadhi za duka la mabati. Kitakachozidi kitakwenda kwenye ikoni ya Mtakatifu Nikola.

Fundi anataka nusu ya fedha kabla ya mwisho wa Juni ili paa liwe limekwisha kabla ya theluji ya Oktoba. Mpaka tunaandika haya, majina tisa yamepatikana.