Barua kwa mpwa wangu anayesema mji mkubwa hauna la kutazama

Mpwa wangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata, na ile sehemu uliyolalamika kwamba mji unakuchosha kwa sababu kila mtaa unafanana na mwenzake nimeirudia zaidi ya mara moja. Unasema umetembea, umeona maghorofa na magari, ukarudi chumbani kulala. Sikulaumu, kwa maana mgeni wa mji hutembea huku akichelea kupotea, lakini naona macho yako umeyaelekeza pasipo na kitu. Maghorofa yaache, hayo yalijengwa ili yatazamwe. Tazama vile vitu vidogo ambavyo hakuna aliyekusudia uvitazame, kisha ujiulize viliwekwa kwa ajili ya nani.

Anzia chini ya miguu yako. Kwenye vituo vya treni na kando ya vivuko vya waenda kwa miguu utakuta vigae, mara nyingi vya manjano, vyenye alama zilizotuna: vingine vina mistari mirefu, vingine vina vinundu vya mviringo. Watu huvikanyaga miaka nenda miaka rudi wakidhani ni mapambo au kinga ya utelezi, kumbe ni alama zinazosomwa kwa nyayo na kwa ncha ya fimbo nyeupe. Mistari humwelekeza asiyeona aendelee mbele, na vinundu humtahadharisha kwamba amefika barabarani au kwenye ukingo wa reli. Alivibuni Mjapani aitwaye Seiichi Miyake, na mara ya kwanza viliwekwa mwaka 1967 katika mji wa Okayama, karibu na shule ya wasioona. Siku moja niliamua kuufuata mstari wa namna hiyo hatua kwa hatua, nao ukanifikisha moja kwa moja kwenye nguzo ya taa. Aliyeupanga mstari na aliyeisimika nguzo bila shaka hawakuwahi kukutana, na sidhani kama kuna yeyote kati yao aliyerudi kutazama.

Ukishazoea kuuliza swali hilo, hata nyumba zitaanza kukutia shaka. London, katika mtaa wa Leinster Gardens, namba 23 na 24 zina nguzo, roshani na milango mizuri kama nyumba za jirani, ila milango hiyo haina tundu la kutumbukizia barua na madirisha yake hayapitishi mwanga. Nyuma ya ukuta huo hakuna vyumba wala watu. Reli ya chini ya ardhi ilipopitishwa hapo katika miaka ya 1860, treni zilikuwa za mvuke na zilihitaji mahali pa wazi pa kutolea moshi, kwa hiyo nyumba mbili ziliondolewa na mahali pake pakajengwa uso mtupu wa nyumba ili safu ya mtaa isionekane na pengo. Brooklyn nako, sehemu ya jiji la New York, namba 58 ya mtaa wa Joralemon, ipo nyumba ya matofali yenye madirisha meusi ambayo siku hizi kazi yake ni kupitishia hewa reli iliyo chini yake. Ajabu ni kwamba gharama yote hiyo ililipwa ili mpita njia asijue kitu, naye mpita njia mwenyewe hakuwa na habari.

Vitufe vya kuombea taa ya kuvuka barabara navyo vina vituko vyao. Jijini New York, vingi vilikatwa mawasiliano baada ya taa kuanza kuongozwa na kompyuta, lakini vikaachwa palepale kwenye nguzo, na watu wakaendelea kuvibonyeza kwa bidii. Mji huohuo, karibu na makutano ya Christopher na Seventh Avenue, una pembetatu ndogo ya vigae iliyotandikwa kwenye njia ya miguu mwaka 1922. Inatangaza kwamba hiyo ni mali ya akina Hess na kwamba haijawahi kutolewa kwa matumizi ya umma. Jengo lao lilitwaliwa ili barabara ipanuliwe, kipande hicho kikasalia kwa kusahauliwa katika vipimo, na walipoombwa wakitoe bure walikataa katakata. Mimi nawapenda watu wa namna hiyo, ijapokuwa nisingependa kupakana nao.

Kuna pia vijia vinavyokata bustani kwa mshazari, mahali ambapo mhandisi aliweka njia ya kuzunguka na miguu ya watu ikampinga. Hivyo utavijua mwenyewe, kwa kuwa nyasi zake zimekufa.

Lakini kitu ninachotaka ukikague kwa makini zaidi ni mabenchi. Mengi ya siku hizi yana vyuma vilivyopachikwa katikati, eti ni vya kuegemeza mkono. Keti, uegemeze mkono, uone kama unastarehe. Kisha fikiria umechoka, huna pa kwenda, na unataka kujinyoosha. Hapo ndipo utakapoielewa kazi ya kile chuma, na utaelewa pia kwamba mahali fulani, mezani, watu walikaa wakakipima na kukubaliana juu yake. Ukiniandikia tena, niambie mabenchi ya kituo unachoshukia yakoje.

Wako akupendaye,
Mjomba