Kwa Shabani, kuhusu punje za silikoni

Ujiji, Kigoma

Ndugu yangu Shabani,

Salaam. Huku sote wazima. Mama anakusalimu na anauliza utapanda lini treni uje.

Uliniuliza silikoni, ile elementi ya kutengenezea chipu za kompyuta, inatoaje rangi bila kutiwa rangi. Nakujibu kwa kirefu, maana jambo hili limenikaa moyoni.

Chukua punje ya silikoni yenye upana wa nanomita 150 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Mwanga wa rangi ya chungwa una wimbi lenye urefu wa nanomita 600 hivi, lakini ukiingia ndani ya silikoni mwendo wake hupungua karibu mara nne, na wimbi nalo hufupika hadi kama 150. Sasa linatosha sawasawa ndani ya punje. Hapo mwanga hautoki upesi: unazunguka, unarudi kwa mpigo uleule, nguvu inaongezeka kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Hiyo ndiyo rezonansi. Rangi inayopata nafasi hiyo hutawanywa kwa wingi. Punguza punje hadi nanomita 100, itang'aa buluu. Ikikaribia 200, inaelekea wekundu. Kitu ni kilekile, ukubwa tu umebadilika.

Kinachonishangaza zaidi ni sumaku. Silikoni haishikwi na sumaku hata kidogo, lakini uga wa umeme wa mwanga ukijikunja duara ndani ya punje, katikati huzaliwa uga wa sumaku wenye nguvu! Hesabu zake aliziandika Mjerumani Gustav Mie mwaka 1908, akieleza rangi za chembe za dhahabu ndani ya maji. Kuuona mwitiko huo kwenye punje za silikoni, kwa mwanga wa kawaida wa macho, kulingoja mpaka 2012. Tena dhahabu hula mwanga ikaugeuza joto. Silikoni hula kidogo tu, na kwangu hapo ndipo penye thamani yake.

Ukija twende Kibirizi alfajiri, mitumbwi ya dagaa ikirudi. Shika dagaa mbichi umgeuzegeuze juani. Mng'ao ule wa fedha hauna metali: ni vibapa vya gwanini, ileile iliyomo kwenye vinasaba, vimepangwa tabaka kwa tabaka, na mawimbi yanayorudi kutoka kila tabaka yanajumlishana. Si punje, ni tabaka, ila hapo pia kipimo cha kitu kinalingana na cha wimbi.

Njoo na lenzi yako ya kukuzia. Magamba yake yanabanduka kwa kidole tu.

Wako,
Hamisi