Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa shirika letu la kununua dawa kwa pamoja, wamama na wababa wa vituo vya afya na wenye farmasi wa komini zetu za Lubumbashi, yaani Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe, jambo kwenu wote. Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asome taarifa ya mwaka mbele ya mkutano mkuu. Nimeisoma mbele ya wanachama 17 kati ya 46. Kwa hiyo komite imeona iandikwe na itumwe pia kwenye grupu ya WhatsApp, kwa kuwa huko hakuna anayekosa, hasa siku ya kulalamika.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Komande za pamoja, yaani maagizo ya dawa, zilikuwa nne: mwezi wa pili, wa tano, wa nane na wa kumi na moja. Mafunzo ya kupanga dawa kwa tarehe ya kuisha, ili inayokaribia kuisha itoke kwanza, yalifanyika na waliofika walipewa cheti. Wakaguzi wa Zoni ya Afya walipita kwenye stoo wakaondoka bila neno baya. Salongo ya kusafisha stoo ilifanyika mara moja. Misiba miwili ilitufikia na mchango ulipelekwa kwa familia. Basi.

Nije kwenye jambo lililokula mwaka wetu. Mwezi wa tatu komite iliamua kuacha kununua kwa muuzaji tuliyekuwa naye tangu shirika lianze, na kuhamia kwenye depo nyingine ya hapahapa Lubumbashi iliyokubali kutia sahihi masharti yetu. Tangu siku hiyo nimeitwa majina mengi. Nimeambiwa naleta mambo ya Ulaya, nimeambiwa nimekula matabishi, yaani hongo, na mwanachama mmoja aliandika kwenye grupu, saa tano ya usiku, kwamba mwenyekiti anataka vituo vya maskini vifunge. Nilinyamaza miezi yote hiyo kwa heshima ya kiti. Leo nitajibu.

Tulimwomba yule muuzaji makaratasi matatu tu. La kwanza, uthibitisho kwamba dawa imeandikishwa nchini kwetu na ACOREP, ambao ndio wenye mamlaka ya dawa. La pili, cheti cha uchunguzi kutoka kiwandani cha kila loti, yaani kila kundi la dawa lililotengenezwa pamoja. La tatu, faktire, yaani ankara, inayoonyesha jina la dawa, namba ya loti na tarehe ya kuisha. Alituletea faktire iliyoandikwa "dawa mbalimbali, katoni 14", na muhuri. Tulipomrudia alicheka, akasema wateja wengine hawasumbui hivi. Sasa niulize: dawa ikileta shida kwa mgonjwa, utaanza kuitafuta wapi loti yake katika "dawa mbalimbali"?

Halafu kuna oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitoke damu nyingi baada ya kujifungua. Wote mnajua dawa ile inataka baridi, kati ya digrii 2 na 8, kuanzia kiwandani hadi mkononi mwa mkunga. Ya komande moja kabla ya uamuzi ilitoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, juu ya kamio, yaani lori, pamoja na vitunguu na mafuta ya kupikia, katika jua la mwezi wa kumi ambalo nyinyi wenyewe mnalikimbia. Ilifika chupa zikiwa za moto. Muuzaji akasema tuweke kwenye frigo, itarudi sawa. Dawa iliyokwisha kupoteza nguvu hairudi sawa kwa kupozwa. Mama akianza kutoka damu baada ya kujifungua, anayelaumiwa ni mkunga wako, si mwenye kamio.

Na bei yake ya chini ilikuwa ya namna gani? Sehemu kubwa ilikuwa dawa zilizobakiza miezi mitatu au minne. Tulifurahia punguzo, kisha katoni zikaisha muda kwenye rafu zetu. Mifuko ya seromu, yaani maji ya kutundikia wagonjwa, na seringi zilizopitwa na wakati zilichomwa kwenye mashimo nyuma ya vituo, katikati ya nyumba za watu, moshi mweusi ukiingia kwa majirani. Plastiki ile ikichomwa kwa moto mdogo hutoa sumu, na hilo mlifundishwa shuleni kabla yangu. Kwa hiyo ukihesabu punguzo, hesabu pia ulichotupa na ulichochoma. Masharti mapya yanasema dawa ifike ikiwa na angalau miezi kumi na miwili, na depo irudishe katoni tupu na palete zake yenyewe. Sioni Ulaya hapo.

Jambo la nne nilikuwa sitaki kuliandika, lakini nimelazimishwa. Waliokuwa wakishusha mizigo ya yule muuzaji usiku walikuwa watoto. Watoto wa barabarani, wenye umri wa kuwa darasani, wakilipwa mkate. Nilikuta hali hiyo kwa macho yangu mlangoni mwa stoo yetu, yenye bango la shirika la afya. Kuna aliyesema hiyo ni shida ya muuzaji. Mlango ni wetu. Marekani ilizuia mwaka 2020 glavu kutoka viwanda fulani vya Malaysia kwa sababu ya namna wafanyakazi wahamiaji walivyofungwa kwa madeni na kunyang'anywa paspoti. Sisi hatuna nguvu ya kukagua Malaysia, na sikuomba tuikague. Niliomba tukague mlango wetu.

Kwa wanaosema dawa za bandia ni hadithi ya redio, niwakumbushe Ituri, hapa hapa Kongo yetu. Kuanzia mwisho wa mwaka 2014 hadi katikati ya 2015 watu walifika hospitalini shingo zikiwa zimepinda, uso umekakamaa, ulimi unatoka. Mwanzoni waganga walidhani ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Kumbe vidonge vilivyouzwa kama diazepamu, dawa ya kutuliza, vilikuwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Zaidi ya watu elfu moja waliathirika, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari mwaka 2015. Na mwaka 2022 ilikuwa Gambia: dawa za maji za kikohozi za watoto, zenye sumu inayoua figo, na watoto wapata sabini wakafa. Shirika hilohilo lilikwisha sema mwaka 2017 kwamba katika nchi kama zetu, bidhaa moja ya tiba katika kila kumi ni mbovu au ya bandia. Sisi tuna wanachama 46. Pigeni hesabu wenyewe ni katoni ngapi zilipita mikononi mwetu bila karatasi.

Ni kweli bei ilipanda. Sikatai. Boksi la parasetamoli la vidonge elfu lilitoka dola 4 likawa 5 na nusu, na glavu zikapanda pia, ila chini ya hapo. Lakini mbona hakuna anayesema kwamba seromu zilishuka, kwa sababu depo mpya inanunua nyingi kwa mara moja? Hilo halijaandikwa kwenye grupu hata mara moja.

Kuhusu matabishi: faktire zote nne, barua za bei za depo tatu zilizoshindana, na karatasi ya maksi ya komite ziko kwa katibu. Aje yeyote, asome, apige picha. Tangu mwezi wa tano nimewaalika wenye mashaka, na hadi leo hakuna aliyegonga. Nakumbusha pia kwamba ni yule muuzaji wa zamani aliyekuwa akigawa "bahasha ya sikukuu" kwa baadhi ya wahudumu wetu wa manunuzi. Waliozipokea wanajijua. Pengine kelele zinatoka huko.

Na mwezi wa nane Mungu alitujibia. Zambia ilifunga mpaka wa Kasumbalesa siku kadhaa kwa ajili ya ule ugomvi wa bia na vinywaji vilivyokatazwa kuingia Kongo, na wiki hiyohiyo, tarehe 14, ugonjwa wa mpox, ile ndui ya nyani, ukatangazwa kuwa dharura ya dunia. Glavu zikatafutwa mjini kama dhahabu. Depo yetu ilikuwa na stoki na ikatuheshimu kwa bei iliyoandikwa, bila kuongeza hata franka. Mazungumzo hayo niliyafanya mimi mwenyewe, kwa mayunite yangu ya simu ambayo sijarudishiwa. Wanachama wanane walionipinga mwezi wa tatu walikuja kuchukua glavu wiki ile. Niliwapa. Hakuna aliyerudi kwenye grupu kuandika asante, lakini mimi si mtu wa kuhesabu asante.

Sasa upande ambao hamtaupenda. Masharti tuliyotia sahihi hayamfungi muuzaji peke yake. Yeye alete makaratasi, baridi, tarehe ndefu na watu wazima wa kushusha mzigo. Sisi tulipe ndani ya siku 30. Depo imetimiza upande wake. Sisi je? Komande za mwaka zilifika dola 38,600, na hadi leo wanachama 11 wanadaiwa jumla ya dola 6,240, wengine tangu mwezi wa tano. Mwezi wa kumi na moja mkurugenzi wa depo aliniweka kitini, akafungua daftari, akaniuliza kwa upole sana: "Baba Mwenyekiti, mnaniuliza kama nawalipa wabebaji wangu vizuri. Nawalipa kwa franka za nani?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa kuwa jibu liko mifukoni mwa watu 11. Mnunuzi anayelipa baada ya miezi sita hana mdomo wa kudai cheti cha loti. Siku nyingine ataletewa kile ambacho wengine wamekataa, na atapokea, kwa sababu ana deni. Hivyo ndivyo tulivyofungwa na yule wa zamani miaka yote: alitukopesha, nasi tukafumba macho.

Kwenye kitemo, ule mchezo wetu wa kupokezana pesa kwa zamu, hakuna anayethubutu kula zamu yake kisha akapotea. Angefuatwa hadi kwa shemeji. Lakini kwenye dawa mnaona sawa.

Michango ya mwaka nayo ni aibu. Vituo 28 kwa dola 120 na farmasi 18 kwa dola 60, ilitakiwa iingie dola 4,440. Imeingia 1,980. Imetoka 1,715: kodi ya stoo 900, mlinzi 360, usafiri 340, makaratasi na kupigisha nakala 115. Iliyobaki ni 265, iko kwa mweka hazina. Frigo ya pili tuliyoahidiana haikununuliwa. Anayeuliza frigo iko wapi, kwanza aonyeshe risiti yake.

Mikutano ilikuwa minne na hatukupita watu 20 hata mara moja. Ule wa mwezi wa tatu, uliopitisha uamuzi huu mnaoulaani, ulikuwa na wanachama 19, na kwa katiba 16 wanatosha. Wengi wa wanaosema hawakushirikishwa walitumiwa ujumbe, wakaweka alama ya dole gumba, wakabaki nyumbani kwa sababu ya mvua. Mimi pia nilinyeshewa.

Kwa mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatumaini kuipata hiyo frigo, kuzungumza na depo kuhusu bei ya parasetamoli, na kuona kama vituo vinaweza kushirikiana tanuru moja la kuchomea taka za hatari badala ya kila mtu na shimo lake. Kuna mshirika aliyeonyesha nia. Tutawajulisha. Nawashukuru katibu na mweka hazina, ambao nao wametukanwa bila kulipwa.

Orodha ya wadaiwa itabandikwa kwenye mlango wa stoo Jumatatu. Komande ya mwezi wa pili itapokelewa kwa walio na deni sifuri tu, na hilo komite imekwisha lipigia kura. Nani alichukua ufunguo wa akiba wa stoo baada ya salongo, aurudishe kwa mlinzi.

Mwenyekiti,
Lubumbashi