Barua ya wazi kwa vijana wanaojifunza kupaka rangi katuni

Wanangu,

Kurasa zenu nyingi zina ugonjwa mmoja: mnakimbilia kung'arisha kabla ya kupanga. Nywele zinameta, upanga unameta, hata ukuta wa nyuma unameta, na msomaji hajui amtazame nani. Kazi ya mpaka rangi ni kulishika jicho mkono na kulipeleka panapozungumzwa jambo. Mengine ni mapambo.

Anzeni na flati, yaani kujaza kila eneo rangi moja ya msingi, kazi ile mnayoiona ya kuchosha. Leya ya mistari, yaani tabaka lake kwenye programu ya kuchorea, ikae juu, kwenye modi ya malitiplai inayoacha rangi za chini zionekane, na ifungwe. Chini yake iwepo leya moja ambamo kila kitu kina rangi yake moja bapa, bila kivuli. Kateni maeneo kwa laso (zana ya kuzungushia eneo) au penseli, na ulainishaji wa kingo uwe umezimwa. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kingo zikilainishwa, programu huchanganya pikseli za mpakani, zikawa si za shati wala si za ngozi. Ukija kubadili shati kwa ndoo ya rangi, zana inayojaza eneo kwa mguso mmoja, utepe mwembamba wa rangi ya zamani unabaki umezunguka bega kama ukungu, na utakaa saa nzima ukiufuta. Tolaransi ya ndoo, yaani kiasi inachovumilia tofauti za rangi, iwe 0. Vivuli pakeni kwenye nakala ya leya hiyo. Yenyewe ibaki safi, maana ndiyo ufunguo wa kuchagua eneo lolote wakati wowote.

Kabla ya kivuli cha kwanza, wekeni juu ya kila kitu leya inayogeuza ukurasa kuwa mweusi na mweupe, kisha upunguzeni mpaka ulingane na stempu. Uso ukizama ukutani, hakuna rangi itakayouokoa. Gawanyeni fremu katika ngazi tatu za weusi: ya mbele, ya kati, ya nyuma. Ipi iwe nzito si kitu, mradi zisifanane.

Chukueni mfano wa mtu mwenye shati jeupe usiku. Mwanafunzi huliacha shati jeupe kabisa, nalo linapiga kelele kana kwamba limewashwa taa. Lipeni asilimia 40 ya siani (wino wa buluu-kijani), 25 ya majenta (wa waridi kali) na 10 ya njano. Likitazamwa peke yake ni la buluu ya kijivu, lakini katikati ya vitu vizito zaidi jicho linaapa kuwa ni jeupe. Rangi haina thamani yake peke yake. Jirani zake ndio wanaoipa.

Ngozi nyeusi ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mnatia kivuli kwa kuongeza wino mweusi, na uso unapauka kama uliopakwa majivu. Kivuli kipelekeni kwenye zambarau au wekundu mzito. Mng'ao wa paji la uso nao usiwe mweupe. Uchukue rangi ya mwanga uliopo, buluu kama ni anga, chungwa kama ni moto. Ngozi ya namna hii huonyesha mwanga wa mazingira vizuri kuliko nyingine zote, kwa hiyo kuipaka kahawia moja tu ni kuidhulumu.

Na punguzeni rangi. Zamani wapaka rangi wa katuni za Marekani walikuwa na wino tatu, siani, majenta na njano, kila mmoja katika viwango vinne vya asilimia: 0, 25, 50 na 100. Hesabu yake ni rangi 64, basi. Jipeni rangi sita kwa tukio zima, na moja kati ya hizo itokee mara chache tu, pale penye kiini cha tukio.

Sasa chapa, ambako skrini huumbuka. Buluu kali, kijani cha kung'aa na zambarau ya RGB, yaani rangi za mwanga wa skrini, hazipo kwenye wino. Hakikini kwa CMYK, yaani wino nne za chapa, zile tatu pamoja na nyeusi, mapema, si siku ya kukabidhi. Nukta za wino hutanuka zikinywewa na karatasi, hivyo asilimia 50 yaweza kuonekana kama 65. Pakeni angavu kidogo kuliko mnavyotamani. Jumla ya asilimia za wino nne mahali pamoja isivuke kama 300 kwenye karatasi ya kung'aa, na kama 240 kwenye ya magazeti. Ikizidi haikauki, na huchafua ukurasa unaoiangalia.

Mistari iwe nyeusi asilimia 100 pekee, ichapwe juu ya rangi. Mkigeuza faili zima kutoka RGB kwenda CMYK kwa mkupuo mmoja, mstari hugawanywa katika wino zote nne, na sahani ya kuchapia wino mmoja ikisogea kidogo kila mstari unapata kivuli chekundu au cha buluu. Geuzeni rangi peke yake, mistari irudishwe baadaye. Kwa sababu hiyohiyo rangi ipite chini ya mstari hadi katikati yake. Ikiishia ukingoni, weupe wa karatasi utachungulia.

Picha inayofika pembeni iongezewe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia. Na nakala ya majaribio ikija, isogezeni dirishani mchana. Chini ya taa ya manjano, hata rangi iliyokosewa huonekana njema.

Mzee wenu