Kuhusu vile vidonge ulivyoniuliza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Kidonda cha pua kinaendeleaje? Siku ile ulipobandua plasta nikaona zile nyuzi tatu nyeusi, nilijikaza tu mbele yako, ila moyoni niliumia. Ni mara ya pili unakatwa saratani ya ngozi, ndiyo maana uliponiuliza kama vidonge vya nikotinamidi vinaweza kukukinga na saratani nyingine, sikutaka kukujibu kwa kubahatisha.

Nikotinamidi ni aina ya vitamini B3. Jina lisikutishe, haihusiani na ulevi wa tumbaku. Miale ya jua huharibu DNA ya seli za ngozi na papo hapo huzinyang'anya nguvu za kujitengeneza. Nikotinamidi huzisaidia kurudisha nguvu hizo, zikapata kurekebisha palipoharibika.

Utafiti ulionipa moyo ulifanyika Sydney, Australia, ukiongozwa na Profesa Diona Damian, na ulichapishwa 2015. Walishiriki watu 386, wote wameshapata saratani za ngozi zisizo melanoma (ile kali inayoanzia kwenye seli za rangi ya ngozi) angalau mbili ndani ya miaka mitano, kama wewe. Nusu walimeza miligramu 500 asubuhi na jioni kwa mwaka mzima, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Kwa waliomeza, saratani mpya zilipungua kwa asilimia 23. Hapo nilirudia kusoma. Ila walipoacha kumeza, kinga nayo ikaisha. Sikufichi pia kwamba utafiti wa 2023 kwa watu waliopandikizwa viungo haukuona faida yoyote.

Sasa hili ndilo lililonikosesha usingizi. Ile picha ya chupa uliyonitumia niliikuza mpaka nikasoma herufi ndogo za ubavuni: asidi ya nikotini. Hiyo nayo ni vitamini B3, lakini siyo waliyopewa wale watu. Ndiyo hiyo inayokuwasha uso na kukufanya mwekundu nusu saa baada ya kumeza. Wewe ukadhani dawa inafanya kazi! Tafadhali usiendelee nayo kabla ya kuonana na daktari.

Ukienda kutolewa nyuzi, beba chupa yenyewe umwonyeshe, na umtajie dawa zako zote nyingine. Muulize kama nikotinamidi inakufaa. Kofia pana na mafuta ya kukinga jua usiviache hata akikubali.

Niambie siku, nikusindikize. Safari hii sitaki ukae pale kwenye benchi peke yako.

Akupendaye,
rafiki yako