Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: tope la Msimbazi lipimwe pamoja na maji yatakayolipokea

Mheshimiwa Waziri,

Uchimbaji wa tope katika bonde la mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam, ni sehemu ya mpango wa kuiokoa Jangwani na mafuriko, na hatuna ugomvi nao. Maji yanayoifunga Barabara ya Morogoro kila masika lazima yapewe njia. Hoja yetu ni tope lenyewe: limeficha nini, litafanya nini likifukuliwa, na kwa nini vipimo vya kawaida haviwezi kutuambia.

Mto huo unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini penye mikoko ya Daraja la Selander. Njiani unapokea maji ya viwandani, gereji, wachomeleaji, mafundi betri na wapaka rangi. Shaba, zinki na risasi hazisafiri peke yake. Hunata kwenye chembe laini za udongo na kutua pale mto unapokutana na maji chumvi na kupunguza mwendo. Risasi haiozi: petroli yenye risasi iliachwa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, lakini iliyokwisha kumwagika barabarani haikuondoka pamoja na pampu zake.

Aliyewahi kukanyaga tope la mikoko anaijua ile harufu ya mayai viza. Hiyo ni salfaidi, kazi ya bakteria wanaoishi pasipo hewa, nayo ndiyo kufuli. Huzishika shaba, risasi, zinki na kadimi zikawa punje zisizoyeyuka, na tope likitulia gizani metali hizo humdhuru kiumbe mara chache. Likifukuliwa, oksijeni huigeuza salfaidi kuwa asidi ya salfuriki na metali hubaki huru. Ndani ya maji ya bahari asidi hiyo hupoozwa upesi. Hatari kubwa zaidi ni tope lililorundikwa nchi kavu likakauka. Mvua ya kwanza hushuka nayo asidi na metali kwa pamoja, na huishia mikokoni palepale.

Mpaka hapa wahandisi wengi wako nasi. Kinachosahaulika ni bahari inayopokea.

Bahari za dunia hunyonya takribani robo ya hewa ukaa tunayozalisha, na pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) ya maji ya juu imeshuka kutoka karibu 8.2 kabla ya enzi ya viwanda hadi karibu 8.1. Desimali moja inaonekana si kitu, lakini kipimo cha pH huhesabu kwa mara kumi kumi, kwa hiyo haidrojeni iliyo huru imeongezeka kwa kiasi cha asilimia 30. Haidrojeni hiyo huinyang'anya bahari kaboneti, na kaboneti ndiyo tofali la chaza, kombe na matumbawe. Hilo limekwisha kusemwa sana. Linalosemwa kidogo ni kwamba kaboneti hiyohiyo ndiyo inayoishika sehemu kubwa ya shaba isiyokuwa imeshikwa na masalia ya viumbe. Kaboneti ikipungua, shaba inayobaki huru huongezeka ingawa hakuna aliyemwaga hata tone jipya. Na shaba iliyo huru ndiyo inayopenya kirahisi kwenye mashavu ya samaki na ngozi ya kiluwiluwi.

Si metali zote zinazofuata kanuni hii, na tunaomba washauri wako wasizichanganye. Risasi nayo hushikwa na kaboneti, kwa hiyo huathirika. Kadimi na zebaki katika maji chumvi hushikwa zaidi na kloraidi, ambayo haijali pH. Anayesema asidi huongeza ukali wa kila metali anakuza mambo, na anayesema haiongezi wowote hajaangalia shaba.

Viumbe nao hawako sawa. Watafiti wa Uingereza waliwaweka kome wa bahari na wale wanyama wa mviringo wenye miiba katika maji yenye shaba kidogo na pH iliyoshushwa. Wote waliharibiwa vinasaba, lakini kome zaidi, kwa sababu hawezi kurekebisha asidi ya damu yake, ilhali mwenye miiba hujikusanyia bikaboneti, chumvi inayopooza asidi, na kujikinga kwa kiasi. Tena shaba hukizuia kimeng'enya ambacho viumbe hukitumia kusawazisha asidi mwilini, yaani mgonjwa anaibiwa dawa yake. Hatari zaidi ni kwa wachanga. Takribani nusu ya mayai ya chaza na kome yaliyotungishwa hutoa watoto wenye magamba yaliyopinda shaba ikifika karibu mikrogramu 5 au 6 (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu) kwa lita. Marekani imeweka kikomo cha mikrogramu 3.1 za shaba iliyoyeyuka kwa maji chumvi, kwa viumbe wanaokaa humo muda mrefu.

Sasa, Mheshimiwa, angalia ripoti za maabara zinazofika mezani. Mara nyingi utakuta safu ya shaba imeandikwa "haikuonekana". Mashine ya kupima kwa mwali wa moto huanza kuiona shaba kwenye makumi ya mikrogramu, na chumvi ya bahari huivuruga zaidi. Hivyo neno hilo halina maana kwamba shaba haipo. Linaeleza uwezo wa mashine. Agiza kwamba kila ripoti itaje kiwango cha chini kabisa ambacho chombo kinaweza kukiona, na isipokelewe kama kiwango hicho kimepita mikrogramu 1 kwa lita.

Tatizo la pili ni chupa. Sampuli ya metali huwekwa katika chupa ya plastiki iliyolowekwa kwenye asidi na kusuuzwa. Maji huchujwa kwa matundu ya mikromita 0.45, kisha hutiwa asidi ya nitriki mpaka pH iwe chini ya 2. Sampuli ya kemia ya kaboni, inayoonyesha kaboneti na asidi ya bahari, haitaki asidi hata kidogo. Hujazwa kwenye chupa ya kioo kwa mpira unaofika kitakoni, maji yakifurika, bila povu, ikaachwa nafasi ndogo tu juu, kisha huhifadhiwa kwa zebaki kloraidi: mikrolita 100 za myeyusho uliokolea kwa chupa ya nusu lita. Ndiyo, tunahifadhi kwa zebaki, na ndiyo maana chupa hizo hazipaswi kukaa sanduku moja na sampuli za metali. Kwa sababu ya tofauti hizi timu mbili hutoka siku mbili tofauti, na takwimu zao hazikutani kamwe. Tunaomba ziwe safari moja, saa moja, boti moja.

Kipimo cha pH cha mkononi kilichosawazishwa kwa myeyusho wa maji baridi hakifai baharini, maana makosa yake huweza kuwa makubwa kuliko badiliko linalotafutwa. Tumia myeyusho wa trisi (kemikali ya kusawazishia vipimo vya pH) uliotengenezwa kwa maji chumvi, au rangi ya zambarau ya metakresoli, inayobadilika kwa pH, na spektrofotometa, yaani mashine inayosoma rangi hiyo kwa mwanga, ukilenga kosa lisilozidi 0.02. Sampuli zichukuliwe maji yakijaa na yakitoka, wakati wa bamvua na wa maji mafu, kaskazi na kusi, na mara moja zaidi baada ya mvua kubwa ya masika. Mto uliofurika hupunguza uwezo wa bahari kupooza asidi siku ileile unapoleta tope.

Kwa tope lenyewe, tunaomba vijiti vya sampuli vishuke hadi kina kitakachochimbwa, si sentimita chache za juu. Pimeni salfaidi na metali zinazotoka nayo katika tope lilelile, lililowekwa kwenye mfuko usiopitisha hewa na kupozwa. Metali zikizidi salfaidi kwa hesabu ya moli, yaani kwa idadi ya chembe na si kwa uzito, kufuli haitoshi hata kabla ya kuchimba. Tope litakaloletwa nchi kavu lichanganywe na chokaa mawe iliyosagwa: kilo 3.1 kwa kila kilo ya salfa, ukiongeza nusu yake kwa tahadhari kwa sababu kuchanganya hakukamiliki kamwe. Mawe hayo yapo kilima cha Wazo, hapahapa jijini, si ya kuagiza kwa meli.

Mwisho tunaomba namba zote ziwekwe hadharani kabla mashine hazijashuka mtoni, pamoja na kiwango cha shaba kitakachosimamisha kazi kikivukwa na jina la ofisi yenye mamlaka ya kuisimamisha siku hiyohiyo.

Wako,
Sisi tunaopima maji na tope la pwani,
Dar es Salaam