Hesabuni thina, msipime dohani tu

Ndugu Mhariri,

Kwa miaka kumi na mmoja nilipuliza rangi na vanishi katika kiwanda kimoja cha samani. Pipa la thina, kile kiyeyusho cha kulainishia rangi, lilifunguliwa asubuhi, na hadi jioni kifuniko chake kilikuwa bado kimelala sakafuni. Hakuna aliyeuliza ilikokwenda ile thina ambayo haikufika kwenye ubao. Ilikwenda hewani, ikipitia kwanza vifuani mwetu.

Ninaandika kwa sababu kila panapozungumzwa udhibiti wa kemikali tete viwandani, yaani zile zinazogeuka mvuke upesi, mazungumzo huishia kwenye dohani. Kiwanda hufunga tanuri la kuteketeza mvuke kwa joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi, mkaguzi anapima juu ya dohani, cheti kinatoka. Tanuri zuri huangamiza zaidi ya asilimia 95 ya mvuke unaoingia ndani yake. Je, ule usioingia? Kiwanda kikikusanya nusu tu ya mvuke wake na kuteketeza asilimia 98 ya nusu hiyo, kimeondoa asilimia 49. Uliobaki unatokea milangoni, madirishani, kwenye matambara yaliyolowa na mapipa yaliyo wazi, ambako hakuna kipimo. Tena hata dohani hudanganya: kipimo kikisoma sehemu kwa milioni, yaani sehemu ngapi za mvuke zimo katika kila sehemu milioni za hewa, ukiongeza feni ya hewa safi namba inashuka ilhali mvuke unaotoka ni uleule.

Ndiyo maana naomba hesabu ya viyeyusho iwe ya lazima kila mwaka. Chukua kilo zilizonunuliwa, ondoa zilizobaki ghalani, zilizomo ndani ya bidhaa, zilizopelekwa kama taka na zilizoteketezwa. Zisizojulikana zilipo ndizo zilizopeperuka. Umoja wa Ulaya uliingiza mpango wa namna hii katika sheria yake ya viyeyusho ya mwaka 1999. Kazi yenyewe anaiweza karani mwenye daftari la manunuzi.

Wenye viwanda watalalamikia gharama. Tanuri ni ghali kweli, na linakula gesi, hasa mvuke ukiwa hafifu. Lakini kifuniko cha pipa si ghali, wala ndoo yenye mfuniko ya kuwekea matambara. Bunduki ya kupulizia ya shinikizo dogo hupoteza rangi kidogo, na kazi nyingi siku hizi zinafanyika kwa rangi za maji. Haya yote hupunguza mvuke kabla haujahitaji kuchomwa.

Benzini, mojawapo ya kemikali hizi tete, huleta saratani ya damu. Hilo halina ubishi tena. Toluini, nyingine ya jamii hiyo, inalevya na kuumiza kichwa, nami nimerudi nyumbani nikiyumba jioni nyingi bila kuonja pombe. Na aliye mbali na kiwanda hajanusurika. Mvuke huu ukikutana na oksidi za nitrojeni, gesi zitokazo kwenye moshi wa magari na viwanda, chini ya jua huzaa gesi ya ozoni karibu na ardhi, inayochoma mapafu. Mwanakemia Arie Haagen-Smit alilionyesha hilo kuhusu ukungu mchafu wa Los Angeles tangu miaka ya 1950.

Kwa hiyo wakaguzi wanapokuja, wasianzie juu ya dohani. Waombe kwanza daftari la manunuzi, kisha waingie karakana katikati ya zamu, bila taarifa, mapipa yakiwa bado wazi.

Mpuliza rangi wa zamani